Mbwa anakula nusu ya alichokuwa anakula na bado hapungui. Nakosea wapi?

#1 KambaMbili
Salaam wakuu.

Nina mbwa dume, Labrador aliyechanganyika na kitu kingine ambacho hakuna anayekijua. Ana miaka 6, alihasiwa akiwa na mwaka na nusu. Anaitwa Mshale. Jina alipewa zamani, msinicheke. Leo ana kilo 38 na daktari wa mifugo amesema anatakiwa awe kama 30. Kiuno hakipo, akilala utadhani gunia limesahauliwa sakafuni, na asubuhi miguu ya nyuma inachelewa kuamka kuliko yeye.

Nimempunguzia chakula kutoka vikombe vinne kwa siku hadi viwili. Nusu kabisa! Wiki ya 6 hii. Mizani ya kliniki mara ya kwanza ilisoma 38.0, jana imesoma 38.2. Yaani kaongezeka. Mimi nikiacha nusu ya chakula changu wiki 6 mtaniona kwenye matangazo ya waliopotea. Huyu anapata wapi?

#2 Ngamia wa Mwisho
Nimekaa siti ya mbele. Ila kilo 38 huo si mshale mkuu, huo ni upinde na podo lake.

#3 Mkia Juu
Ni kuhasiwa huko, usihangaike kutafuta mchawi. Homoni zikiondoka mwili unatumia nishati kidogo, halafu njaa ndiyo inaongezeka. Wangu wa kike alifungwa kizazi, ndani ya miezi minne nikawa namfungia mkanda kwenye tundu la mwisho. Chakula kilikuwa kilekile, sikuongeza hata punje.

#4 Mtu wa Mizani
#1 kikombe gani? Naomba jibu kabla watu hawajaanza kutaja magonjwa.

#5 KambaMbili
#4 kikombe cha kawaida tu, kile kikubwa cha chai kilichokatika mkono. Kinajaa, na kilima kidogo juu.

#6 Ngamia wa Mwisho
"Kilima kidogo." Haya, uzi umeisha, tuzime taa.

#7 Mtu wa Mizani
Ngamia unacheka ila ndipo tatizo lilipo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, waliwapa watu 100 wenye mbwa vifaa vya kupimia na kuwaambia wapime kiasi fulani cha chakula kikavu. Waliokosea kwa kupunguza walifika 48% chini, waliokosea kwa kuzidisha walifika 152% juu. Na hao walijua wanaangaliwa! Kwa hiyo "nusu" ya vikombe haina maana yoyote. Chukua mizani ndogo ya jikoni, pima kwa gramu, urudi hapa na namba. Na utuandikie mfuko unasema kalori ngapi kwa kila gramu 100.

#8 Kopo Tupu
Hesabu ni rahisi. 70 mara uzito mara 0.75. Uzito unaotaka afikie ni 30, basi 70 × 30 × 0.75 = 1575. Hizo ndizo kalori zake za siku. Mpe hizo, atashuka.

#9 Sindano
#8 hapana, hapana, futa hiyo kabla mtu hajaichukua. Nafanya kazi kliniki ya mifugo (msaidizi, si daktari) na kosa hilo nakutana nalo kila siku. Ile 0.75 ni kipeo, si namba ya kuzidisha. Kama kikokotoo chako hakina kitufe cha vipeo: zidisha 30 × 30 × 30 upate 27,000. Tafuta kipeuo cha pili, 164.3. Tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo, 12.8. Sasa zidisha kwa 70. Unapata karibu 900.

Mia tisa, si elfu moja mia tano. Kwa 1575 huyo Mshale angekuja kufika 45. Nishati hiyo ndiyo mwili unayoitumia mbwa akiwa amepumzika tu, na kwa anayetakiwa kupungua tunaanzia hapo kwa uzito anaotakiwa kufika, siyo uzito alionao leo. Baadaye unarekebisha kwa kuangalia mizani.

#10 Kopo Tupu
Nimekubali kosa la kipeo. Lakini hoja yangu kuu iko palepale: si kalori tu, ni WANGA. Vyakula vikavu vya mifuko vimejaa nafaka. Mbwa ana asili ya mbwa mwitu, umeona wapi mbwa mwitu analima?

#11 Mkia Juu
Na umeona wapi mbwa mwitu analala kwenye kochi.

#12 Sindano
#10 mbwa mwitu na mbwa waliachana zamani sana, na mojawapo ya tofauti ni hiyohiyo ya wanga. Utafiti wa watu wa Sweden uliochapishwa 2013 ulionyesha mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la AMY2B, linalotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, kuliko mbwa mwitu. Halafu gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Vyakula vingi vinavyojisifu "havina nafaka" vina mafuta mengi, na kalori zake kwa gramu 100 zinapita vya kawaida. Soma nyuma ya mfuko, picha ya mbele haina kazi.

Protini nakubaliana nawe kwamba iwe ya kutosha, ili apoteze mafuta abaki na misuli.

#13 KambaMbili
Nimerudi na namba. Nimekosa raha.

Vikombe viwili vyenye kilima = gramu 300. Mfuko unasema kalori 370 kwa gramu 100. Kwa hiyo 1110 kwa siku. Mimi nilidhani nampa gramu 200.

#14 Mtu wa Mizani
Umeona? Ila 1110 peke yake bado haielezi kwa nini hajashuka hata kidogo. Kuna kingine. Anakula nini nje ya bakuli?

#15 KambaMbili
Hamna kitu. Kidonge cha viungo tu asubuhi na jioni.

#16 Bi Mbavu
Mwanangu, kidonge anakimezaje?

#17 KambaMbili
Kwa kijiko cha siagi ya karanga.

...

Sawa. Kijiko cha chakula, mara mbili.

#18 Ngamia wa Mwisho
HAMNA KITU.

#19 Mtu wa Mizani
Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 95. Viwili ni 190. Jumla 1300. Kwa mbwa wa kilo 38 aliyehasiwa na asiyekimbia, hiyo ni karibu kabisa na anachokitumia kwa siku. Hesabu imefunga. Hakuna uchawi wala homoni wala mbwa mwitu.

#20 Sindano
Na angalia kopo la hiyo siagi. Baadhi zinawekwa sukari mbadala ya xylitol, na hiyo kwa mbwa ni sumu. Hata kiasi kidogo kinaweza kumshusha sukari ya damu ghafla.

#21 Jirani wa Paka
Mimi wangu nilimfungisha siku tatu, maji tu. Akashuka kilo mbili. Jaribuni, mbwa porini hawali kila siku.

#22 Sindano
#21 tafadhali. Sehemu kubwa ya hizo kilo mbili ilikuwa maji na matumbo matupu, zikarudi mara alipokula, au nasema uongo? Kiasi salama ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa Mshale ni kama gramu 380 hadi 760. Ukiharakisha unakula misuli yake. Na kama kweli una paka kama jina lako linavyosema, naomba usimfanyie paka hivyo kabisa, paka mnene akikaa bila kula siku kadhaa mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa.

#23 Jirani wa Paka
Zilirudi, ndiyo. Paka si wangu, ni wa jirani.

#24 Tambuu
Nawasoma tangu asubuhi. Mnamlaumu mwenye mbwa, hakuna aliyeangalia aina ya mbwa. LABRADOR. Wote wana jeni la njaa. Walishaligundua Cambridge. Mbwa hana kosa na mwenye mbwa hana kosa.

#25 Mkia Juu
#24 si wote. Ni kama robo ya Labrador, na kwa wale wa flat-coated retriever ni wengi zaidi. Jeni lenyewe linaitwa POMC, kuna kipande kimekatika. Utafiti wa kwanza ulitoka 2016: kila nakala ya jeni hilo yenye hitilafu iliendana na kama kilo mbili za ziada. Nilisoma sana habari hizo nilipokuwa natafuta mtu wa kumlaumu.

#26 Tambuu
Robo si kidogo. Na 2024 walirudi wakasema mbwa wenye hitilafu hiyo hata wakiwa wamepumzika tu wanatumia nishati pungufu kwa karibu 25%. Njaa zaidi, matumizi madogo. Sasa #9 ile 900 yako kwa mbwa wa namna hiyo inabaki ngapi? Formula haijui jeni.

#27 Sindano
#26 hapo umenibana, na nakubali. Ndiyo maana nikasema "tunaanzia hapo". Kama wiki tatu nne zinapita hashuki, unakata kwa 10% hivi na kuangalia tena. Hatujui kama Mshale analo, tena ni chotara.

#28 Kopo Tupu
Chotara wa Labrador na pipa.

#29 Dada Uzi
Nina kisa, na ndiyo sababu nikiona "hapungui" siwahi kucheka. Wangu alikuwa wa kike, miaka 9. Tumbo kubwa, nikambana chakula miezi mitatu. Tumbo halikushuka, ila mgongo ukaanza kuonekana mifupa. Anakunywa maji kama ng'ombe, anakojoa ndani, manyoya yanapukutika mbavuni. Kliniki ya kwanza wakaniambia nampa makombo kwa siri. Nililia. Kliniki ya pili wakapima damu, kumbe ni ugonjwa wa Cushing, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga kotisoli kupita kiasi. Lile tumbo halikuwa unene. Misuli ya tumbo ilikuwa imelegea na ini limevimba. Na mimi muda wote namnyima chakula mgonjwa.

Kabla ya kumkatia zaidi pimeni damu.

#30 Mtu wa Mizani
Pole sana dada. Lakini Mshale hana dalili hizo, ana siagi ya karanga.

#31 Dada Uzi
#30 wewe ukiwa na mizani kila kitu ni gramu.

#32 Sindano
Dada Uzi yuko sawa, kipimo ni muhimu. Pia tezi ya thairoidi ikizembea mbwa ananenepa bila kula sana, anakuwa mzito wa kuamka, anatafuta joto, manyoya yanaisha mkiani. Ila tahadhari: homoni ya T4 ikionekana chini haimaanishi moja kwa moja kuwa tezi ni mbovu, ugonjwa mwingine wowote unaweza kuishusha. Kuna vipimo vingine vya kuthibitisha. Nimeona mbwa wakipewa vidonge vya tezi maisha yao yote kumbe shida ilikuwa ngozi.

#33 KambaMbili
Alipimwa damu mwezi uliopita kabla ya vidonge vya viungo. Walisema iko sawa. Kama tezi ilikuwemo sijui, nitauliza.

#34 Bi Mbavu
Wengi mnaongelea mizani. Mimi nimefuga mbwa zaidi ya miaka 30 na mizani sina. Mikono inatosha. Nyoosha mkono wako mmoja, pitisha vidole vya mwingine nyuma yake, pale juu ya mifupa ya vidole. Mbavu za mbwa zikigusika hivyo, mbwa yuko sawa. Kunja ngumi upitishe juu ya vifundo: zikigusika hivyo, amekonda. Geuza kiganja upapase chini ya vidole, pale penye nyama: kama mbavu unazitafuta hivyo, mbwa ni mnene. Halafu msimamie juu umtazame, awe na kiuno. Mtazame kwa ubavu, tumbo lipande kuelekea nyuma.

Madaktari nao wana alama zao 1 hadi 9, nzuri ni 4 na 5, na kila alama moja juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya ziada. Wanashika mbavu kama mimi, ila wao wanaandika.

#35 KambaMbili
Shikamoo Bi Mbavu. Nimejaribu. Mbavu za Mshale nimezifikia kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya godoro.

#36 Bi Mbavu
Marahaba. Basi hiyo ni 7 au 8. Sasa nikuulize kingine, na usikasirike. Nyumbani mko wangapi?

#37 KambaMbili
Mimi, mke wangu, watoto wawili, na mzee wangu. Baba ana miaka 74. Anashinda na Mshale mchana kutwa barazani.

#38 Bi Mbavu
Ahaa.

#39 Ngamia wa Mwisho
Ahaa ya Bi Mbavu nzito kuliko mbwa mwenyewe.

#40 KambaMbili
Nimemuuliza. Amesema, nanukuu, "Mimi na mbwa tunaheshimiana." Sijui maana yake ni nini.

#41 Mkia Juu
Maana yake ni mkate.

#42 Mtu wa Mizani
Huwezi kumkemea baba yako, na ukimkemea hatakusikia. Fanya hivi: asubuhi pima chakula cha siku nzima kwa gramu, kiweke kwenye boksi moja. Yeyote anayetaka kumpa mbwa kitu, mzee, mtoto, mgeni, achukue humo humo. Boksi likiisha, limeisha. Mbwa hajui tofauti ya punje ya bakulini na punje ya mkononi kwa mzee, anachotaka ni ule mkono. Na vitu vya nyongeza jumla visipite asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa 900 hiyo ni 90. Haifiki hata kijiko chako kimoja.

#43 Kopo Tupu
Au mpe mzee karoti na maharage machanga ya kuchemsha awe anampa hayo. Karoti gramu 100 ni kalori 40 tu. Wangu anaita karoti nyama. Unaweza kuongeza kitunguu saumu kidogo, kinachoma mafuta.

#44 Sindano
Karoti ndiyo, maharage machanga bila chumvi ndiyo, boga la kuchemsha ndiyo. Kitunguu saumu HAPANA. Vitunguu vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Zabibu pia hapana, ziwe mbichi au kavu, zinaweza kuua figo. Kopo Tupu wewe ni mtu mzuri, lakini kila ushauri wako una kona.

#45 Kopo Tupu
Naomba radhi kwa mara ya pili katika uzi mmoja. Rekodi yangu.

#46 Tambuu
Hakuna aliyetaja mazoezi. Mbwa akitembea atapungua, full stop. Tuache ukemia.

#47 Mtu wa Mizani
Kutembea ni kuzuri kwa viungo na kwa roho. Ila kwa makadirio mbwa anatumia kama kalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita. Mshale akitembea kilomita 3 ni kalori mia moja na kitu. Ukirudi nyumbani ukampa kidonge na siagi yake, umerudi pale ulipoanzia.

#48 Dada Uzi
Na kwa miguu inayokaza msimkimbize. Apungue kwanza, atatembea mwenyewe. Kuna utafiti wa 2010 wa mbwa wanene wenye baridi ya viungo: kuchechemea kulianza kupungua walipopoteza kama 6% tu ya uzito. Kwa Mshale hiyo ni kilo mbili na robo hivi, si zote nane.

#49 Jirani wa Paka
Si kuna dawa ya kupunguza mbwa? Niliwahi kusikia.

#50 Sindano
Ilikuwepo, dirlotapide, iliidhinishwa Marekani 2007. Ilikuwa inapunguza hamu ya kula. Haiko sokoni tena. Na ukiisimamisha, mbwa aliamka na njaa yake yote.

#51 Mkia Juu
Swali langu mimi ni lile la huruma. Akikutazama na yale macho unafanyaje? Wangu alikuwa analia mlangoni pa jikoni. Nilikata tamaa wiki ya pili.

#52 Bi Mbavu
Macho hayo si njaa kila wakati. Mtupie punje zake nyasini azitafute moja moja, nusu saa imeisha. Gawa chakula mara tatu badala ya mara moja. Na ukitaka kitu cha kuusemesha moyo: kuna Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote na kampuni ya Purina, ndugu wa tumbo moja wakigawanywa wawili wawili, mmoja akilishwa robo pungufu ya mwenzake. Matokeo yalitoka 2002. Waliopunguziwa nusu yao walifika miaka 13, wenzao 11.2. Karibu miaka miwili ya kutazamwa na macho hayo hayo.

#53 Tambuu
#52 miaka miwili zaidi ya njaa, labda ilionekana kama minne.

#54 Sindano
Jambo moja KambaMbili kabla hujakata kufika gramu 240 za chakula hichohicho: ukikata sana chakula cha kawaida unakata na vitamini, madini na protini. Vipo vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupunguza uzito, kalori chache, protini na nyuzi nyingi, anashiba zaidi. Muulize daktari wako. Na usianze kumpikia wali na kuku peke yake kwa miezi, kalsiamu itakosekana.

#55 KambaMbili *(wiki 5 baadaye)*
Nimerudi wakuu. Nimefanya yafuatayo: chakula cha kupunguza uzito, kalori 900 kwa siku, napima kwa gramu. Siagi nimeacha, kidonge nakificha kwenye kipande cha boga. Boksi lipo. Matembezi mafupi mara mbili. Tezi walipima, iko sawa.

Mizani: 38.2, 37.9, 37.9, 37.1, 36.8. Juzi aliruka ngazi mbili za baraza. Mbili!

#56 Mtu wa Mizani
Kilo 1.4. Gramu hazidanganyi. Asanteni, asanteni, nimekaa.

#57 Tambuu
Wiki 5 kilo 1.4 ni kama 0.7% kwa wiki, hata ile 1% ya Sindano hajafika, na anakula 900 kamili. Jeni hilo.

#58 Kopo Tupu
Au chakula kipya kina wanga kidogo. Nasema tu.

#59 Mkia Juu
Sisi wa timu ya kuhasiwa hatujashindwa, tumenyamaza.

#60 Bi Mbavu
Hongera mwanangu. Kati ya wiki ya pili na ya tatu hakushuka, kisha akaanguka gramu 800 kwa mara moja. Kulitokea nini?

#61 KambaMbili
Bi Mbavu na wewe. Wiki ya tatu mzee alisafiri kwenda kwa dada yangu.

Anarudi Jumamosi. Nitapima tena Jumatatu.

#62 Ngamia wa Mwisho
Sitoki hapa mpaka Jumatatu.